Maswali na Majibu: Nani Aliua Miamba ya Kale?

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu mawe ya chokaa: yalitoka wapi, na kwa nini yaliacha kukua. Nimechagua sita.

Nimechimba kisima Kilifi, mbali na ufuo, nikakuta matumbawe ndani ya jiwe. Hiyo si ishara ya Gharika?

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na kila mara naona aliyeuliza hakulitazama jiwe kabla ya kuandika. Ndugu yangu, chukua kipande hicho, kioshe, kigeuzegeuze juani. Utaona tumbawe limesimama wima vilevile lilivyoota, chaza wameganda ubavuni, tumbawe jingine limeota juu yake, na humo ndani kuna vishimo vya minyoo waliolitoboa likiwa bado baharini. Mafuriko huvunja na kuchanganya; hayapangi kizazi juu ya kizazi.

Jiwe la ukanda wetu wa pwani, lile lililojenga Mji Mkongwe na Gedi, ni mwamba wa juzi tu kwa hesabu za dunia. Sehemu yake iliota miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Ukipanda bara hadi Kambe, umri unabadilika kabisa. Hapo ni chokaa cha zama za Jurasiki, miaka kama milioni 170, bahari ilipoingia huku Madagaska ikianza kubanduka kutoka Afrika. Na juu ya chokaa hicho kumelala matabaka ya tope lililogeuka jiwe: bahari iliongezeka kina, tope likatanda, na kiwanda cha chokaa, yaani viumbe waliokijenga, kikafungwa.

Dolomiti ni chokaa?

Ni ndugu yake, ila ina magnesi. Dondoshea asidi hafifu: chokaa hutoa povu papo hapo, dolomiti mpaka uisage kwanza.

Vitabu vinasema majukwaa ya chokaa ya kale, yale matandazo mapana yaliyojengwa na viumbe wa bahari, "yalizama". Si sakafu ya bahari ndiyo iliyodidimia?

Hapa wengi wanakosea, wakiwemo wanaofundisha. Tazama Bahama. Chini ya visiwa vile kuna chokaa chenye unene wa zaidi ya kilomita 4, karibu chote cha maji mafupi. Maana yake sakafu ilididimia kilomita zote hizo na viumbe wakaendelea kujenga juu bila kuachwa nyuma. Mwaka 1981 mwanajiolojia Wolfgang Schlager alipiga hesabu: mwamba hai wa matumbawe wenye afya hupanda mita 1 au zaidi kwa miaka 1,000, ilhali sakafu ya bahari kwa muda huohuo hudidimia sentimita chache tu. Katika mbio hizo mwamba hauna sababu ya kushindwa. Lakini Pasifiki imejaa milima ya chini ya maji yenye vilele bapa, ile aliyoieleza Harry Hess mwaka 1946, na mingi ina chokaa cha maji mafupi kileleni, sasa kikiwa kwenye kina cha kilomita na ushei.

Kwa hiyo mwamba uliugua kwanza, kina kikaja kuuzika baadaye. Na ugonjwa mara nyingi ni rutuba kuzidi majini. Shambani rutuba ni neema. Kwa matumbawe ni balaa. Mwani hushamiri, maji hupoteza uangavu, mwanga haufikii vile viumbe vidogo vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha, na sponji na minyoo hutoboa upesi kuliko ujenzi unavyokwenda.

Ushahidi uko kwenye bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 2015 meli ya utafiti JOIDES Resolution ilichimba sakafu ya bahari kwenye visiwa vya Maldivi. Matabaka yalionyesha kwamba miaka kama milioni 13 iliyopita pepo za msimu zilianza kuvuma kwa nguvu, pepo zilezile ambazo baadaye zilikuja kusukuma majahazi. Mikondo ikakaza, maji yenye rutuba yakaja juu, na sehemu za jukwaa lile zikafa na kuzama. Hakukuhitajika bahari kupanda ghafla. Upepo na rutuba vilitosha.

Majukwaa yote yalijengwa na matumbawe?

Hapana, na mazoea ya kuita kila chokaa "matumbawe" tuyaache. Mawe ya piramidi za Giza yamejaa numuliti, viumbe wa seli moja wenye magamba kama sarafu ndogo. Strabo, Mgiriki aliyefika huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alisimuliwa kwamba ni dengu za wajenzi zilizogeuka mawe. Viumbe hawa na jamaa zao walitawala baada ya joto kali la miaka milioni 56 iliyopita, matumbawe yalipopungua kwenye bahari za ukanda ule wa Misri. Kazi ya kujenga chokaa iliendelea, ila kwa mafundi wengine, na dengu hazijengi ukuta wa kuvunja mawimbi kama tumbawe.

Nina nyumba ya wageni ufukweni Unguja, choo chetu ni shimo kwenye jiwe. Bahari ikipanda, matumbawe si yatapanda nayo?

Yaliyo hai, yanaweza. Barafu za kale zilipoyeyuka bahari ilipanda zaidi ya mita 100, na miamba mingi iliifuata. Lakini jiwe ulilojengea nyumba limekufa zamani, haliongezeki hata unywele. Kinachokukinga ni mwamba hai ulioko mbele yako, na wewe unaulisha rutuba kila siku. Jiwe letu ni matundu matupu: kinachoingia shimoni hutokea baharini bila kuchujwa. Dada yangu, hukuniuliza habari za choo, lakini jenga tangi lisilovuja mwaka huu. Mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi. Joto hilo huwezi kulizuia peke yako. Shimo lako unaweza kuliziba.

Naweza kuchukua kipande kwenye mapango ya Amboni?

Hapana. Chokaa kile nacho ni cha Jurasiki, na kila kipande kina maana kikiwa mahali pake. Weka sarafu kando ili ukubwa uonekane, piga picha, unitumie.