Loki na Vioo vya Umeme kwenye Hilux ya Zamani

SWALI: Fundi, hujambo? Nina Toyota Hilux ya 1997, kabini moja, ninayobebea viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru mjini. Vioo ni vya kuzungusha kwa mkono, na nikifika sokoni lazima nizunguke kwenda kufunga mlango wa abiria kwa ufunguo. Nataka vyote viwe vya umeme. Kuna fundi ameniambia atapitisha nyaya za spika na umeme atautoa kwenye redio. Ni sawa? Na alteneta yangu itahimili? (Mama wa Njoro)

JIBU: Sijambo, mama. Kazi hiyo usimruhusu aifanye. Mota ya kioo kinachoteleza vizuri huvuta ampea 5 hadi 10, na kioo kikikwama huweza kupita 20. Fyuzi ya redio itakatika leo, itakatika kesho, mpaka siku moja mtu achoke na kuweka kipande cha waya mahali pake. Pikapu huungua hivyo. Mwambie avute waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye betri, aweke fyuzi karibu kabisa na betri, kisha apitishie kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, nayo iwashwe na swichi ya ufunguo. Ukitoa ufunguo, vioo vife. Mota hizi za bei nafuu hazijui kusimama zikikuta kidole cha mtoto.

Alteneta isikusumbue. Mota inafanya kazi sekunde chache tu, kisha inapumzika.

Ningekuwa wewe ningeanza na loki, maana shida uliyonieleza ni ya loki, na gharama yake ni ndogo. Mlango wa dereva hufungwa mota ya nyaya tano, ambayo ndiyo inayoamrisha ile nyingine. Wa abiria, ya nyaya mbili. Umeme wake utoke kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampea 15, ili ufunge hata gari likiwa limezimwa. Kabla fundi hajatoboa bati, ateremshe kioo mpaka chini kabisa aone kama kitagonga mota. Na fito ya mota iende sambamba na fito ya loki. Ikivuta kwa upande, loki itakwama baada ya miezi michache. Tundu la ufunguo liache likifanya kazi, kwa siku betri itakapolala.

Sasa vioo. Wewe unapita barabara za vumbi jembamba la huku kwetu, na vumbi hilo limejaa kwenye raba ambamo kioo hupita. Nimefunguliwa milango mingi ambayo mwenyewe anasema mota imekufa, kumbe mota ni nzima, inasukuma kioo kilichobanwa na raba iliyokauka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua mlango, tenganisha kioo na mtambo wake, ukipandishe na kukishusha kwa mkono. Kama mkono mmoja haukiwezi kwa urahisi, osha raba hizo, zilizopasuka zibadilishwe, kisha upulize dawa ya silikoni. Usipake grisi, grisi hushika vumbi na kuwa kama msasa.

Ukipata mitambo kamili ya mtumba kutoka Hilux ya kizazi hicho hicho iliyokuja na vioo vya umeme, ichukue badala ya ile inayovishwa juu ya mhimili wa mkono wa kuzungushia. Ila hakikisha ni ya volti 12. Mota ya lori la volti 24 ikifungwa kwako itapandisha kioo kwa kujikokota.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi liko kwenye swichi. Dereva anataka kufungua kioo cha abiria pia, basi fundi anaunganisha swichi mbili kwenye mota moja, waya kwa waya. Swichi nyingi za aina hii, zisipobonyezwa, huunganisha nyaya zote mbili za mota na hasi. Ukibonyeza yako, ya abiria inaupeleka umeme wote kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi, na fyuzi inalipuka. Njia sahihi ni hii: zile pini mbili za swichi ya abiria ambazo zingeenda kwenye hasi, ziungwe kwenye nyaya mbili zinazotoka kwenye swichi ya dereva. Mwombe fundi akuchoree kwenye karatasi kabla hajaanza. Akishindwa kuchora, tafuta mwingine.

Penye bawaba, ambapo nyaya hutoka kwenye nguzo ya gari na kuingia mlangoni, tundu la mlango na la nguzo yasitazamane. Moja liwe juu kidogo ya lingine ili waya ujipinde bila kukunjika. Nyaya zivishwe bomba la raba, na pasiwe na kiungo hata kimoja sehemu hiyo. Na ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya paneli irudishwe na kugandishwa pande zote, kwa sababu maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku inyeshapo, na mota iko hapo hapo.