Lenzi za jicho za uga mpana: linganisha kwa darubini yako, si kwa nyuzi za ubavuni

Anayetafuta lenzi ya jicho (ile unayochungulia kwenye darubini ya nyota) ya uga mpana kwa mara ya kwanza huvutwa na namba iliyochapwa ubavuni: nyuzi 68, 82 au 100. Namba hiyo inakueleza jinsi duara la picha litakavyotanda mbele ya jicho lako. Haikuelezi ni kipande gani cha anga kitaingia ndani ya duara hilo, wala kama nyota za pembeni zitabaki nukta. Mambo hayo mawili huamuliwa na lenzi pamoja na darubini.

Tuchukue darubini ambayo wengi huanza nayo: Dobsoni, darubini ya kioo inayokaa kwenye kitako rahisi na kusukumwa kwa mkono, yenye kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1200. Uwiano wake wa f ni 1200 kwa 200, yaani f/6. Ukigawa 1200 kwa milimita za lenzi (urefu wake wa fokasi), unapata ukuzaji. Ukigawa milimita za lenzi kwa 6, unapata upana wa mwali wa mwanga unaotoka kwenye lenzi na kuingia kwenye mboni. Kupata kipande cha anga, tafuta kipenyo cha pete iliyo ndani ya shingo ya lenzi, ile inayochora ukingo mkali wa picha. Kigawe kwa 1200, kisha zidisha kwa 57.3. Kabla ya kulipa, tafuta kipimo cha pete hiyo kwenye jedwali la mtengenezaji, kwani ndicho kinachosema kweli kuliko nyuzi za kwenye boksi.

Sasa linganisha. Plössl (lenzi ya muundo wa kawaida, yenye nyuzi 50 hivi) ya milimita 32 ina pete ya milimita 27 hivi: inakuza mara 37.5 na kuonyesha nyuzi 1.3 za anga. Panoptic ya milimita 24 ya kampuni ya Tele Vue, yenye nyuzi 68, ina pete ya milimita 27 vilevile. Anga ni ileile, lakini ukuzaji ni mara 50. Shingo ya inchi 1.25 haina nafasi ya pete kubwa kuliko hiyo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo anayetaka anga pana zaidi hana budi kuhamia shingo ya inchi 2, ambako pete hufika milimita 46 hivi.

Je, kuna faida gani kulipa zaidi kwa anga ileile? Faida iko kwenye mwali, ambao umepungua kutoka milimita 5.3 hadi 4. Mwangaza wa anga la nyuma unashuka karibu nusu, ilhali nyota, kwa kuwa ni nukta, hazififii kwa kiwango hicho. Ukiwa mjini, Nairobi au Dar es Salaam, vishada vya nyota hujitokeza vizuri zaidi. Nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, haipati faida hiyo, maana hufifia pamoja na anga inayoizunguka. Tofauti huwa kubwa zaidi ukilinganisha Plössl ya milimita 25 na Ethos ya Tele Vue ya milimita 13 yenye nyuzi 100: zote zinaonyesha takriban nyuzi 1 ya anga, ya kwanza kwa mara 48 na ya pili kwa mara 92. Kishada cha Omega Centauri kinaingia chote katika hiyo ya pili, na kwa ukuzaji huo ukungu wake unaanza kuchambuka kuwa nyota mojamoja. Kwa wanaopenda vishada vya namna hiyo, hapo ndipo uga mpana unapostahili gharama yake.

Kilimia inahitaji nyuzi 2 hivi, kwa hiyo haienei katika lenzi yoyote ya inchi 1.25 kwenye darubini hii. Lenzi ya inchi 2 ya milimita 30 na nyuzi 82 inaimudu kwa kubana. Zohali na Mshtarii hazihitaji uga mpana, ila Dobsoni isiyo na mota inaufurahia: kwa ukuzaji wa mara 200, sayari huvuka uga wa nyuzi 50 kwa dakika moja, na uga wa nyuzi 82 kwa sekunde 98.

Ubora wa pembeni ni suala jingine, na hapa uwiano wa f hausamehe. Lenzi rahisi inayoonekana safi kwenye darubini ya f/10 inaweza kuharibu theluthi ya nje ya picha kwenye f/5, kwa sababu mwanga huingia kwa pembe kali zaidi. Lenzi za nyuzi 66 za bei nafuu ni mfano mzuri: za milimita 6 na 9 hufanya kazi vizuri hata kwenye darubini za f ndogo kama f/5, lakini za milimita 15 na 20 hutawanya nyota za pembeni.

Usiihukumu lenzi kabla ya kurekebisha vioo vya darubini vielekeane sawasawa na kuiacha darubini nje ipoe kwa dakika 30 hadi 60. Weka nyota ya mwangaza wa kati katikati ya uga. Ikiwa hata hapo haiwi nukta, kosa haliko kwenye lenzi. Isogeze nusu ya njia, kisha hadi ukingoni, halafu zungusha fokasi polepole. Ikirudi kuwa nukta, ni mpindo wa uga tu, na macho ya vijana mara nyingi huurekebisha yenyewe. Ikiwa mstari, kisha mstari huo ukageuka nyuzi 90 upande wa pili wa fokasi, ni astigmatizimu ya lenzi. Ukigeuza kichwa na mstari ukageuka nacho, ni jicho lako. Mkia kama wa kometi unaoelekea nje ni koma, na hiyo hutoka kwenye kioo kikuu. Kubadilisha lenzi hakutaiondoa, kirekebisha koma ndicho kitakachosaidia. Rangi nyekundu na buluu kingoni mwa sayari ipime sayari ikiwa juu, maana karibu na upeo wa macho hata hewa huleta rangi hizo.

Kama kipimo cha pete hakipatikani, tumia Mintaka, nyota ya ukanda wa Orioni iliyo karibu kabisa na ikweta ya anga. Acha darubini bila kuigusa, iache nyota ipite katikati ya uga kutoka ukingo hadi ukingo, na hesabu sekunde. Gawa kwa 240, upate nyuzi za anga. Sekunde 310 ni nyuzi 1.3. Afrika Mashariki Mintaka hupita karibu na utosi, mahali ambapo Dobsoni ni ngumu kuelekeza, hivyo ipime ikiwa bado inapanda: katikati ya Desemba, saa tatu usiku inafaa.

Wanaovaa miwani watafute lenzi inayoruhusu jicho kukaa milimita 17 hadi 20 kutoka kwenye kioo. Kama miwani ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue na urekebishe fokasi. Yenye kurekebisha astigmatizimu huhitajika zaidi kwenye mwali mpana. Chini ya milimita 2 mara nyingi unaweza kuivua.

Lenzi kubwa ya inchi 2 huweza kufika kilo moja, na mdomo wa darubini utaanza kushuka wenyewe. Kaza msuguano wa egemeo, au bandika sumaku nzito kwenye mwisho wa chini wa bomba, karibu na kioo kikuu.

Pwani, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu), lakini kwanza iache ikauke. Wakati wa kusafisha puliza vumbi kwa pampu ya mpira, pitisha brashi laini, na dawa uidondoshe kwenye karatasi ya lenzi, kamwe si kwenye kioo, kwa sababu hupenya ukingoni na kubaki katikati ya vioo.