Vijiti vyekundu kwa ua wa Jambiani

Waalaykumu salaam dada. Umeuliza pa kupata miche ya Cornus, ile uliyoiona pichani imesimama na vijiti vyekundu kwenye theluji, uipange ukingoni mwa ua wako Jambiani, hapa Unguja. Pesa yako iweke.

Mti wenyewe naujua. Nilikaa mwaka kwa mwanangu Leicester, Uingereza, na nyuma ya nyumba yao ilikuwapo mitatu. Wakati wa joto kichaka tu cha majani. Majani yakishapukutika ndipo vijiti vinapowaka: 'Sibirica' mwekundu, 'Flaviramea' wa manjano, na 'Midwinter Fire' unaoanza chungwa chini ukaishia nyekundu nchani. Kila Machi mkwe wangu akiikata karibu na ardhi, mie nikidhani kaichoka. Kumbe rangi iko kwenye vijiti vichanga, kikizeeka hufifia. Ila mti huo hutaka baridi kali, na sie hata Julai nyuzi 20 tu tunajifunika shuka mbili.

Kwetu mzuri kupita yote ni jamaa ya mpopoo, wa huko Malesia na Sumatra, mwenye shingo nyekundu kama lakiri. Nilipokuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja ya mwambao wa mashariki tulipanda minane, juu ya jiwe, tukaimwagilia maji ya kisima yenye chumvi. Kaskazi ilipovuma majani yakababuka, na kufika masika ulibaki mmoja wa kuhurumiwa. Si ajabu, kwao unaota kinamasini! Nikauomba, nikaupanda kwangu Mwera penye udongo mzito, yanapomwagwa maji ya kuoshea mchele. Mwaka wa sita huu haujafika kifuani mwangu, lakini wekundu wake si mchezo.

Kwako panda mnyaa, ule wa vijiti vyenye utomvu mweupe kama maziwa, aina ya ncha nyekundu. Jua, jiwe, upepo wa bahari, vyote haujali. Tena kusi likiingia, mvua ikakatika na hewa ikapoa, ncha hugeuka chungwa kisha nyekundu. Masika hurudi kijani. Kata kipande, kiache kivulini siku chache maziwa yakauke, ndipo ukichomeke pasipotuama maji. Maziwa hayo yaogope. Tone moja liliniingia jichoni, nikaosha kwa maji saa nzima na usiku sikulala. Vaa miwani na glavu, na usiupande wanapochezea watoto.

Ukitaka manjano, nyuma ya nyumba pasipopigwa na upepo weka ule mpopoo wa mapambo wenye asili ya Madagaska, unaouzwa vyunguni. Juani mashina yake huwa manjano yenye pete kama mwanzi, kivulini hubaki kijani. Mwanzi wa manjano wenyewe usiuguse, utajaza ua na jirani atakuja na panga.

Mnyaa usinunue. Wangu umeshakuwa mkubwa, ukija mjini pitia Mwera nikukatie vipande. Njoo na magazeti ya kuvifungia, usivitie kwenye mkoba.