Meza ya Mama Utumishi: CV yako inasomwa na nani kwanza?

Barua zenu za mwezi huu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kando. Mliotuma ujumbe wa sauti, safari ijayo andikeni jamani. Kuna mmoja kaongea huku mashine ya kusaga inanguruma pembeni yake, sikuambulia kitu.

Shikamoo, Mama. Nina diploma ya uhasibu. Kijana wa stationari alinitengenezea CV nzuri sana, ina picha, rangi na safu mbili. Natuma kila mahali. Mara nyingine jibu la kukataliwa linaingia saa nane usiku, dakika chache tu baada ya kutuma. Kuna mtu anaisoma kweli, au kazi siku hizi ni koneksheni tu? – Mhitimu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Jibu la saa nane usiku halikuandikwa na mtu, huyo mtu kalala.

Nilipokuwa ofisi ya utumishi kiwandani, kule Barabara ya Nyerere, maombi yalikuja kwenye bahasha za kaki na kupokelewa getini. Mlinzi wetu ndiye aliyekuwa mchujo wa kwanza, ingawa hakuna aliyempa kazi hiyo. Ukimsalimia vizuri, bahasha yako inapanda juu siku hiyohiyo. Ukimpita kama nguzo, inabaki chini ya kopo lake la sukari mpaka nafasi ijazwe. Leo kwenye benki, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa, getini pamekaa programu ya kompyuta inayochuja maombi. Nayo ina vituko vyake.

Kwanza, mara nyingi si CV iliyokutoa, ni yale maswali ya kujaza. "Una CPA ya uhasibu?" "Una uzoefu wa miaka mitatu?" Ukijibu hapana kwenye sharti ambalo mwajiri ameliwekea kufuli, umeshatoka, na CV haijafunguliwa na mtu. Kwa hiyo soma masharti kabla hujamaliza bando lako kujaza fomu.

Pili, hiyo CV ya safu mbili. Programu nyingi haziangalii uzuri, zinachota maneno na kuyapanga upya. Fanya hivi leo: fungua faili lako, nakili maneno yote, kisha yabandike kwenye ujumbe mtupu wa simu. Ukikuta "Msaidizi wa Hesabu Kiswahili Kiingereza 2021 Mpira wa miguu Stashahada", basi hivyo ndivyo anavyokuona mlinzi wa getini. Na kama hakuna neno linalonakilika, ujue kijana wa stationari amekupa picha ya CV, na mwenye kutafuta neno "uhasibu" ndani ya picha anaweza asilipate. Rudi kwenye safu moja, herufi za kawaida, vichwa vinavyoeleweka. Namba ya simu iweke ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye ule ukanda wa juu kabisa ambao baadhi ya programu huuruka. Picha toa. Dini, kabila na urefu wako toa pia. Anayeajiri mhasibu hashoni suti.

Tatu, taja vitu kwa majina yake. Kwenye CV yako umeandika "nina ujuzi wa programu mbalimbali za kihasibu." Zipi? Kama ni QuickBooks sema QuickBooks, kama ni Tally sema Tally. Kama ulipokuwa field ulikuwa unalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, au unaandaa ritani za VAT za kupeleka TRA, liandike hilo, tena kwa maneno yaleyale yaliyotumika kwenye tangazo na kwa lugha ya tangazo. Mashine inatafuta maneno, na binadamu atakayekuja baadaye anatafuta ushahidi. Mstari huo mmoja unawatosha wote wawili. "Mchapakazi ninayejituma chini ya shinikizo" haumsaidii yeyote.

Serikalini ni habari nyingine. Kule unapitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unapakia vyeti na barua ya maombi yenye saini yako, halafu unakutana na usaili wa kuandika kabla ya ule wa ana kwa ana. Hakuna rangi ya CV itakayokusaidia kwenye mtihani.

Kuhusu koneksheni, sitakudanganya, ipo. Lakini usiuweke upendeleo wa mjomba kwenye fungu moja na mtu aliyeona kazi yako akakutaja. Kampuni nyingi sasa huwauliza wafanyakazi wao waziwazi, nani mnamjua anayeweza? Yule mhasibu uliyekaa naye field unawasiliana naye bado, au ulimaliza ukapotea?

Nimepigiwa simu nimechaguliwa kwenye usaili wa kampuni kubwa. Wameomba nitume 35,000 za fomu na vipimo, kisha watanitumia mkataba kwa WhatsApp. – Mbagala

Usitume. Tafuta namba ya kampuni kwenye tovuti yao mwenyewe, piga, uliza idara ya utumishi kama nafasi hiyo ipo. Kazi ya kweli haianzi kwa wewe kumlipa mwajiri.

Hujambo, Mama. Kila tangazo huku linataka cheti cha tabia njema, cha kodi (KRA), cha mkopo wa elimu (HELB), cha maadili (EACC) na cha madeni (CRB) kabla hata ya usaili. Sina kazi, hizo pesa nazitoa wapi? – Nakuru

Sijambo, mama. Wenye matangazo hayo wako nyuma ya sheria yenu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022: mwajiri hapaswi kukudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kuingia nawe mkataba wa maandishi. Yaani ofa kwanza, vyeti baadaye. Ukishaipata ofa, vishughulikie haraka, maana ukishindwa matakwa ya uadilifu anaweza kuiondoa. Kwenye maombi andika kwa adabu tu: "Vyeti vya uthibitisho nitaviwasilisha nikipewa ofa." Wapo watakaokuruka kwa sentensi hiyo, na hilo linaniudhi kama linavyokuudhi wewe.

Habari za kazi, Mama. Nauza vifaa vya sola. Nilitangaza nafasi ya mtunza stoo, barua zimekuja lundo na zote zinafanana: "Ninaandika kwa shauku kubwa…" Hizi ni za akili mnemba. Ninunue programu ya kuwakamata? – Mfanyabiashara, Mwanza

Nzuri, kaka. Pesa hiyo nunulia rafu. Programu za kukamata hukosea, na utamtupa mtu aliyejifunza kuandika vizuri shuleni. Isitoshe unamtafuta mtunza stoo, barua ya shauku ya nini?

Badala ya barua, waulize wote swali moja la kazini kwako. Mfano: "Leja inasema betri 14, rafuni zipo 11, mteja wa betri 12 anafika saa tatu. Utafanya nini kabla bosi hajaja?" Mmoja atakuandikia insha juu ya umuhimu wa uwajibikaji. Mwingine atauliza kama kuna mzigo uliotoka jana jioni bila kuandikwa, au betri zilizorudishwa kwa waranti zikawekwa pembeni. Huyo wa pili mwite. Akifika, mpe kalamu na kona ya stoo ahesabu kwa nusu saa, na nauli yake mrudishie. Ila usimfanyishe kazi ya kupanga bidhaa za stoo nzima kwa jina la usaili, hiyo inakuwa kazi, na kazi hulipwa.

Ukija kutumia mashine kuchuja, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwombaji ana haki ya kutaka uamuzi mzito juu yake usifanywe na mashine peke yake. Na wewe unayekusanya taarifa za watu unatakiwa uwe umesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Umeniambia pia kwamba CV na nakala za NIDA za waombaji umezimwaga kwenye kundi la WhatsApp la familia ili shemeji zako wakusaidie kuchagua. Zifute leo, kaka, na shemeji nao wafute kwenye simu zao.