Paka dume akijikamua mchangani, usikimbilie dawa ya minyoo

Juzi usiku dada mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia: "Paka wangu dume anachuchumaa tangu asubuhi, hatoi kitu. Nimpe nini?" Nilikuwa jikoni. Chapati iliungua.

Mimi nilikuwa na Meja hapa Moshi, dume wa miaka 12, alihasiwa akiwa mdogo. Alianza kwenda mchangani mara sita, saba kwa asubuhi moja, anajikamua, vinatoka vitone. Nikasema amefunga choo. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo, bila kumwona, akanipa dawa ya minyoo. Nikampa, na wiki mbili zikapita hivyo. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, halafu damu kabisa. Kinyesi kikatoka chembamba kama utepe. Akakonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika, na akiruka kutoka ukutani miguu ya nyuma inalegea. Majirani: "Mama Meja, paka naye ana daktari?" Waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja.

Anaye. Daktari wa mifugo alimpima kwa ultrasaundi, akachukua chembe kwa sindano zikapimwa: saratani ya tezi dume. Wala sikujua paka ana tezi dume! Akanieleza ni ugonjwa wa nadra sana kwa paka, huwapata hasa wazee, na kuhasiwa si kinga. Sindano ya mwisho alichomwa nimemshika miguu ya mbele.

Mara nyingi paka anayejikamua ana kibofu kilichovimba au vijiwe, si saratani. Lakini ukiwa umesimama juu ya mchanga na tochi ya simu, vyote vinafanana. Mimi nilijifanya daktari wiki mbili nzima.

Na sisi watu wa huku, jamani! Ng'ombe wa ndani akipunguza nusu lita ya maziwa, ukoo mzima unajua. Paka tunamtupia kichwa cha samaki, basi. Chungulia mchanga wake kila siku. Akikonda, mpime. Panadol usimpe hata kipande, inaua paka. Na dume asiyetoa hata tone hana siku mbili za kusubiri: njia ikiziba, sumu ya mkojo inarudi kwenye damu na moyo unasimama.

Dada wa Sakina nilimwandikia, "Usingoje kukuche, mtafute daktari sasa hivi." Tiki za bluu zilitokea palepale. Jibu bado.