Maswali yenu kuhusu urithi: selimundu, maziwa, simba wa kreta na vifaru wawili

*Mimi na mchumba wangu tumepimwa na wote tumekutwa na AS. Tumeambiwa mtoto mmoja kati ya wanne ataugua selimundu. Je, wa kwanza akizaliwa nayo, watatu watakaofuata watakuwa salama? (Msomaji, Mwanza)*

La, na hesabu hiyo imewaponza wengi. Uwezekano wa robo unahusu kila mimba peke yake, wala haujali waliotangulia. Kila mmoja wenu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), na humrithisha mtoto moja tu bila kuchagua. Mtoto akipata S kwa baba na kwa mama atakuwa SS, yaani mgonjwa. Akipata moja atakuwa kama ninyi. Asipopata hata moja atakuwa AA. Nyumba yenye watoto wanne yaweza kukosa mgonjwa kabisa, au ikawa nao wawili.

Kinachotenganisha A na S ni kidogo mno. Herufi moja ya vinasaba imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita, yaani tofali la sita, katika mnyororo mmoja wa himoglobini imekuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Oksijeni inapopungua, himoglobini ya aina hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya duara na laini kiasi cha kujipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, hujikunja kama mundu na kuziba njia. Kuoana au kutooana ni uamuzi wenu. Mkioana, hakikisheni kila mtoto anapimwa akiwa mchanga, maana chanjo, dawa za kuzuia maambukizi na haidroksiyurea (dawa ya kupunguza makali ya selimundu) humsaidia zaidi zikianzwa mapema chini ya uangalizi wa daktari.

*Ikiwa ugonjwa huu umeua watoto tangu enzi za mababu, kwa nini jeni yake haijatoweka? (Msomaji, Kilifi)*

Kwa sababu anayeibeba moja tu hufaidika nayo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949, akaona kwamba wenye AS walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache sana katika nyanda za juu. Ilikuwa kama ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba watoto wenye AS walikuwa na kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo, jambo ambalo wengi hawakulikubali mara moja. Tafiti za baadaye, ukiwamo uliofanyika huko huko kwenu Kilifi, zimeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo palipo na mbu wengi, jeni iliyopotea kwa watoto wa SS ilihifadhiwa na ndugu zao wa AS waliopona malaria, wakakua na kuzaa.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiita jeni fulani "mbovu" bila kueleza ni mbovu wapi. Kwa mjukuu wa mtu wa pwani aliyezaliwa Toronto, ambako hakuna malaria, S haina faida yoyote, ila hasara yake iko palepale. (Wenye AS msitupe vyandarua: kinga hiyo si kamili.)

*Kwa nini mimi nikinywa maziwa tumbo huchafuka, na rafiki yangu Mmasai hunywa kibuyu kizima? (Msomaji, Arusha)*

Watu wazima wengi duniani huacha kutengeneza laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Katika jamii zilizofuga kwa maelfu ya miaka, waliokuwa na badiliko la jeni linaloiendeleza hadi utu uzima walinufaika. Utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha kwamba badiliko la wafugaji wetu si lile la Wazungu; kila moja lilizuka peke yake. Huna ugonjwa, na mtindi huenda ukakufaa zaidi.

*Simba wa Ngorongoro wanaonekana wana afya. Kwa nini wataalamu husema ukoo wao una matatizo? (Msomaji, Karatu)*

Mwaka 1962 mvua zilizidi, nzi wanaonyonya damu wakafurika ndani ya kreta, na simba wakabaki kama 10 tu. Madume saba waliingia kutoka nje miaka iliyofuata, kisha kwa muda mrefu hakuna aliyefanikiwa kuhamia na kuzaa. Idadi ilipanda tena, na mgeni aliyetazama kutoka ukingoni asingegundua lolote, lakini simba hao wote walitokana na waasisi 15 tu kati ya hao. Watafiti walipolinganisha mbegu za madume wa kreta na za simba wa Serengeti, walikuta za kreta zenye kasoro nyingi zaidi. Anuwai ya jeni ikipungua, ugonjwa mpya unaomshinda mmoja unaweza kuwashinda karibu wote. Kwa maoni yangu, ushoroba (njia ya wanyamapori) ulio wazi, ambao dume kijana anaweza kuupita bila kuuawa kwa kulipiza kisasi cha ng'ombe, unafaa kuliko kuhesabu vichwa kila mwaka.

*Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki majike wawili. Je, maabara itawarudisha? (Msomaji, Nanyuki)*

Najin na Fatu, mama na mwana, wanaishi katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, na dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Viinitete vimetengenezwa kwa mayai ya Fatu na mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, ili vipandikizwe kwa majike wa vifaru weupe wa kusini. Lakini ndama wote wakiwa na mama mmoja, watakuwa ndugu tangu kizazi cha kwanza. Kwa hiyo macho yameelekezwa pia kwenye seli za ngozi za vifaru wengine zilizohifadhiwa kwenye baridi kali huko San Diego: watafiti wanajaribu kuzigeuza kuwa mayai na mbegu, na humo ndimo uliko utofauti ambao Fatu peke yake hana.