Sakafu yako ya saiprasi bado iko sawa, usiifunike na taili

Hizi nyumba za zamani za Limuru na Tigoni huku Kenya, zile za enzi ya mkoloni, ukitoa kapeti mara nyingi chini unapata mbao za saiprasi ama podo, na watu wengi hukimbilia kuweka taili juu. Ngoja kwanza. Yangu niliirudisha na imetoka safi sana, lakini mbao laini ina masharti yake.

Kubwa kuliko yote ni ile polishi nyekundu. Sakafu nyingi hapa zimepakwa polishi ya nta miaka na miaka, sasa ukileta mashine ya msasa moja kwa moja nta inayeyuka kwa joto, msasa unaziba, unanunua mwingine, nao unaziba, pesa inaisha na kazi haijaanza. Tena nta ikibaki, vanishi haishiki. Kwa hivyo loweka kitambaa na tarpentaini, sugua na ile sufu ya chuma ya sufuria, panguza, rudia mpaka kitambaa kitoke bila wekundu. Ni kazi ya magoti, hakuna njia ya mkato. Madirisha yote wazi, na usiwashe jiko karibu.

Kisha zamisha vichwa vya misumari na panchi, la sivyo vitararua msasa.

Mashine sasa. Fundi aliyezoea mbao ngumu kama mvule atataka kuanza na msasa namba 24, mwambie apunguze ukali (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi). Saiprasi hata ukucha unaacha alama, mashine ikisimama mahali pamoja kidogo tu imechimba bonde, na bonde lenyewe hulioni mpaka vanishi ikauke na jua la dirishani lipige. Anza 40 kama ni lazima, kisha 60, 80, malizia 100, ukifuata nyuzi za mbao bila kusimama. Karibu na vifundo nenda polepole, maana mbao laini kando yake inaliwa haraka kifundo kinabaki juu. Na kama pembeni kuna rangi ya zamani usiipige msasa ikiwa kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi hilo ni sumu hasa kwa watoto.

Nyufa kati ya mbao mimi niliziacha. Mbao hupanuka wakati wa mvua na kunywea kiangazi, ukijaza gundi na unga wa mbao inapasuka tu baadaye. Rangi ya kutia giza pia siipendi kwa saiprasi, inanyonya mabaka mabaka.

Vanishi paka mara tatu, nyembamba, msasa laini katikati. Fanya Januari ama Februari, ukungu wa Julai huku unaweza kukufanya ungoje hadi uchoke. Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta usivirundike, vinaweza kushika moto vyenyewe, vitandaze nje. Kapeti isirudi mpaka wiki kadhaa zipite, na miguu ya viti ibandike vipande vya blanketi.